Karen Blixen: Maisha Baada ya Talaka

Kwa mtahiniwa

Kila mwaka ninaposahihisha insha kuhusu talaka, hukutana na mwanamke yule yule. Anapewa talaka katika aya ya pili, analia katika aya ya tatu, na kufikia aya ya mwisho ama amekuwa mlevi, ama amekufa kwa kihoro, ama ameolewa na tajiri. Insha kama hiyo haipati alama za juu kwa sababu haina ukweli ndani yake. La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wanaoiandika wamelelewa na mama aliyeachika, wanamwona kila asubuhi akiamka kwenda kazini, lakini wakishika kalamu wanamsahau.

Wasifu ufuatao ni wa mwanamke aliyeishi Nairobi miaka mia moja iliyopita. Ndoa yake ilivunjika akiwa mbali na kwao, na baadaye akapoteza shamba, nyumba na mtu aliyempenda. Usome mara mbili. Mara ya kwanza fuata matukio na tarehe. Mara ya pili fuata hisia: jinsi zilivyopanda, zikashuka, kisha zikapanda tena. Kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayotolewa na mtu mwingine, kwa hivyo huandikwa katika nafsi ya tatu.

1. Kuzaliwa na malezi

Karen Christentze Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba ya familia iitwayo Rungstedlund, iliyo kando ya bahari kaskazini mwa jiji la Copenhagen, nchini Denmark. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwandishi na mwanasiasa. Mama yake, Ingeborg, alitoka katika ukoo wa Westenholz uliokuwa na mali.

Karen alikuwa kipenzi cha baba. Walizoea kutembea pamoja msituni, na baba akamzungumzia kama mtu mzima. Mnamo Machi 1895, Karen akikaribia kutimiza miaka kumi, baba yake alijitoa uhai. Pigo hilo lilimfunza mapema kwamba mtu unayemtegemea anaweza kuondoka bila kukuaga.

Alisomea nyumbani kama wasichana wengi wa tabaka lake, kisha akajiunga na chuo cha sanaa mjini Copenhagen kusomea uchoraji. Akiwa kijana alichapisha hadithi chache magazetini, lakini akaacha. Katika miaka hiyo alimpenda Hans von Blixen-Finecke, kijana wa ukoo wa kimwinyi wa Uswidi. Hans hakumpenda. Mwaka 1912 Karen akakubali posa ya Bror, pacha wa Hans. Basi, aliingia katika uchumba akiwa na jeraha moyoni, ingawa pia alikuwa na hamu kubwa ya kuona dunia iliyo pana kuliko sebule ya mama yake.

2. Ndoa

Wachumba hao waliamua kuanzisha maisha katika Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, nchi ambayo leo ni Kenya. Familia ya Karen ndiyo iliyotoa fedha. Bror alitangulia. Karen aliabiri meli, akafika Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 mwezi huo wakafunga ndoa papo hapo Mombasa. Kwa ndoa hiyo alipata cheo cha Baronesa, jina la Blixen, na shamba chini ya vilima vya Ngong.

Mpango wa awali ulikuwa kufuga ng'ombe wa maziwa. Kabla ya Karen kufika, Bror alikuwa amebadilisha nia na kununua shamba la kahawa. Uamuzi huo uligeuka kuwa mzigo. Shamba lilikuwa katika mwinuko wa zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi, upepo na mvua isiyotegemeka. Mibuni haikuzaa walivyotarajia. Mwaka 1917 wanandoa hao walihamia nyumba ya mawe yenye veranda pana, inayotazama vilima. Shamba lote lilikuwa na takriban ekari 6,000, na ekari 600 hivi zilipandwa kahawa.

Bror alikuwa mcheshi na mwindaji hodari, lakini hakuwa mkulima. Alikaa porini wiki nyingi, akakopa ovyo, na hakuficha uhusiano wake na wanawake wengine. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa Karen aliugua kaswende, na aliamini aliambukizwa na mumewe. Mwaka 1915 alilazimika kurudi Denmark kutibiwa. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa, na wagonjwa walipewa dawa zenye zebaki na aseniki, ambazo ni sumu. Afya yake haikurudi tena kama zamani.

Msomaji wa leo atauliza kwa nini hakuondoka wakati huo. Jibu ni kwamba alimpenda mumewe kwa namna yake. Isitoshe, kila alichokuwa nacho kilikuwa kimefungwa ndani ya ndoa ile: nyumba, kazi, cheo, marafiki, na fedha za jamaa zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Kutengana na talaka

Ndoa ilivunjika polepole. Bror ndiye aliyetaka talaka, na barua za Karen kwa jamaa zake zinaonyesha kwamba yeye hakuitaka. Kwa muda mrefu alimtetea mumewe mbele ya mama na ndugu zake, hata pale ambapo madeni yalionekana wazi. Alitumaini kwamba mambo yangetengenea.

Mwaka 1921 mjomba wake, Aage Westenholz, mwenyekiti wa kampuni iliyomiliki shamba, alikuja Kenya kukagua mahesabu. Wenye hisa walikuwa wamechoka. Uamuzi ulikuwa kwamba Karen angeendelea kusimamia shamba, kwa sharti kuwa Bror asihusike nalo tena. Mwaka huo wanandoa wakatengana. Talaka yenyewe ilikamilika mwaka 1925.

Zingatia miaka hiyo minne kati ya kutengana na talaka. Wanafunzi wengi hudhani kwamba huzuni ya talaka huanza siku ya hukumu. Kwa Karen, huzuni ilianza kabla ya karatasi kutiwa sahihi na haikuisha baada ya hapo. Katika kipindi hicho alifiwa pia na dada yake mkubwa, Ea, mwaka 1922. Alikuwa mke asiye na mume nyumbani, katika jamii ndogo ya walowezi ambamo kila mtu alijua habari za mwenzake.

Hakukaa kimya na uchungu wake. Kaka yake mdogo, Thomas, alikuwa amekuja Kenya mwishoni mwa 1920, akakaa naye hadi 1923 akimsaidia shambani. Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Jioni walizungumza kuhusu mapenzi, ndoa na wajibu. Thomas alipoondoka, mazungumzo yaliendelea kwa barua. Kati ya 1923 na 1924 Karen aliandika insha ndefu kuhusu ndoa katika zama mpya, akichunguza ndoa ni nini hasa na kwa nini watu wa kizazi chake waliishindwa. Insha hiyo ilichapishwa baada ya yeye kufa. Mwanamke ambaye ndoa yake ilikuwa inavunjika aliketi akaifanya ndoa kuwa swali la kufikiriwa, badala ya aibu ya kufichwa.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba kuandika kulimponya mara moja. Mwaka wa talaka alikwenda Denmark, akakaa miezi kadhaa kwa mama yake. Aliporudi shambani mwaka 1926 alizama katika huzuni kubwa. Barua alizomwandikia Thomas mwaka huo ni za mtu aliyekata tamaa, anayejiuliza kama maisha yake yana maana yoyote. Alikuwa na umri wa miaka 41, hana mtoto, hana mume, na shamba linakula hasara. Huzuni ya talaka hurudi. Mtu anaweza kusimama imara mwaka wa kwanza akaja kuanguka wa tano.

Jambo jingine lilimuuma. Mwaka 1928 Bror alioa tena, na mke mpya akawa naye Baronesa Blixen. Katika mji mdogo kama Nairobi ya wakati huo, wanawake wawili walibeba jina moja. Karen hakuliacha jina lake, na aliendelea kusalimiana na Bror bila kumfanya adui.

4. Kazi na watu wa shambani

Ni nini kilichomwamsha kila asubuhi? Kwanza ni kazi. Baada ya 1921 Karen alisimamia shamba peke yake kwa miaka kumi, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa enzi hiyo. Alipanda, alipalilia, alipima buni na kujibu barua kali za wenye hisa. Kulikuwa na ukame, nzige, kuanguka kwa bei ya kahawa, na kiwanda cha kahawa kiliungua moto. Kazi hiyo haikumpa faida ya fedha, ila ilimpa sababu ya kuondoka kitandani.

Pili ni watu. Farah Aden, Msomali, alisimamia nyumba yake tangu 1914 hadi 1931. Alijua fedha zilizomo na zisizokuwamo, na alijua siku ambazo bibi wa nyumba hakutaka kuonana na mtu. Kamante, mtoto wa Kikuyu aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni, alipelekwa na Karen katika hospitali ya misheni, akapona, na baadaye akawa mpishi stadi. Asubuhi wagonjwa walikusanyika nje ya nyumba, naye akawapa dawa alizokuwa nazo. Alianzisha pia shule ndogo ya watoto wa shambani.

Hapa mtahiniwa wa Historia na Serikali asimame kidogo. Watu hao waliishi shambani kama maskwota. Ardhi ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni, na Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1915 iliwawezesha walowezi kuikodi kwa miaka 999. Sheria ya 1918 iliwalazimu maskwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Wanaume walivaa kipande shingoni. Kwa hivyo, faraja aliyoipata Karen baada ya ndoa yake kuvunjika ilisimama juu ya kazi ya watu waliokuwa wamepokonywa ardhi yao. Alipowatibu alitenda wema wa kweli. Lakini yeye alikuwa bibi wa shamba, na wao hawakuwa na uhuru wa kuchagua. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na jibu zuri la mtihani huyataja yote mawili.

5. Penzi lisilo na ndoa

Mnamo Aprili 1918 Karen alikutana na Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyesoma Oxford, mwindaji na mpenzi wa vitabu na muziki. Baada ya Karen na Bror kutengana, Denys alihamishia vitabu vyake katika nyumba ya Ngong, akawa anakaa hapo kila aliporudi kutoka safarini. Alimfundisha Kilatini, akamletea gramafoni. Karen naye alimsimulia hadithi ndefu usiku mbele ya moto. Denys akiwa porini, Karen alizitunga hadithi ili awe nazo atakaporudi.

Penzi hilo lilimrudishia furaha, lakini halikumpa usalama. Denys hakutaka kuoa. Alikuja na kuondoka apendavyo. Karen, aliyekwisha kuachwa mara moja, aliishi akisikiliza kama gari linakuja. Kufikia 1931 uhusiano wao ulikuwa umepoa, na Denys akahamisha vitu vyake.

Hapa kuna funzo ambalo insha zetu nyingi hulikosa. Mwandishi chipukizi hupenda kumponya mwanamke aliyeachika kwa kumpa mwanamume mwingine katika aya ya mwisho. Maisha ya Karen hayakwenda hivyo. Mapenzi mapya yalikuwa baraka, lakini hayakufuta talaka wala kujaza nafasi ya kila kitu alichopoteza.

6. Mwaka wa 1931

Uchumi wa dunia uliporomoka kuanzia 1929, na kahawa ya Ngong haikuweza kulipa madeni. Mapema mwaka 1931 shamba liliuzwa. Mnunuzi alipanga kuligawa liwe ploti za makazi. Mtaa tunaouita Karen leo, wenye mageti marefu na miti mingi, ulitokana na ardhi hiyo.

Tarehe 14 Mei 1931, kabla Karen hajaondoka, ndege ndogo ya Denys ilianguka Voi. Denys alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Denys alizikwa juu ya vilima vya Ngong, mahali ambapo yeye na Karen walipapenda.

Katika miezi hiyo Karen aliuza samani zake moja baada ya nyingine. Angeweza kujifungia ndani. Badala yake alipita ofisi moja baada ya nyingine za serikali mjini Nairobi, akitafuta ardhi kwa ajili ya maskwota ambao walikuwa waondolewe shambani. Ombi lao lilikuwa moja: wasitawanywe, wahamishiwe mahali pamoja ili majirani wabaki majirani. Wakuu walimwambia hakuna ardhi. Hakukoma. Mwishowe, serikali ilikubali kuwapa nafasi katika sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Tusimfanye mkombozi kwa sababu hiyo. Watu hao walikuwa wakiomba kipande kidogo katika nchi yao wenyewe. Lakini kuhusu hisia zake, jambo hilo linatueleza mengi. Mtu aliyepoteza nyumba anaelewa uzito wa kupoteza majirani. Shughuli hiyo ilimpa njia ya kuondoka akiwa amesimama wima.

7. Kurudi nyumbani na kushika kalamu

Agosti 1931 Karen alikuwa amefika Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 46, mgonjwa, bila fedha, na alirudi kuishi katika nyumba ya mama yake, pale pale alipoondoka akiwa msichana. Kwa mwanamke wa kiburi chake, hilo lilikuwa chungu. Wengi wanaorudi kwao baada ya talaka wanajua hali hiyo: unarudi ukiwa mtu mzima, lakini wenyeji wanakuona mtoto aliyeshindwa.

Thomas alijitokeza tena. Alikubali kumsaidia kwa fedha kwa miaka miwili ili aandike kitabu. Karen akakaa Rungstedlund, akazichukua hadithi alizozizoea kuzisimulia usiku shambani, akaziandika kwa Kiingereza. Wachapishaji wa Uingereza walizikataa. Mchapishaji wa Marekani akazikubali, na mwaka 1934 kitabu cha *Seven Gothic Tales* kikatoka kwa jina la Isak Dinesen. Kilipendwa sana Marekani. Dinesen lilikuwa jina la baba yake, jina alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Isak, kwa Kiebrania, ni jina lenye maana ya kucheka. Katika Biblia, Sara alimpata Isaka alipokuwa mkongwe asiyetarajia mtoto tena. Karen naye alizaa kitabu akikaribia miaka 49.

Mwaka 1937 alitoa *Out of Africa*, kitabu kuhusu miaka yake Kenya. Ndani ya kitabu hicho mumewe anatajwa kwa nadra mno, na talaka haisimuliwi. Wengine husema alikuwa anajificha. Inawezekana pia kwamba alichagua mwenyewe sehemu ipi ya maisha yake aitoe kwa watu na ipi aiweke kifuani. Kueleza uchungu kuna nafasi yake, na kuunyamazia pia kuna nafasi yake. Alikuwa amekwisha kuueleza, katika barua kwa mama na kaka yake.

Kitabu hicho kimekosolewa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikilaumu vikali kwa namna kinavyowachora Waafrika, wakati mwingine kwa kuwalinganisha na wanyama, na kwa kuupamba ukoloni. Lawama hizo zina msingi. Anayekisoma leo anapaswa kuwa macho.

Karen hakuolewa tena na hakurudi Kenya. Aliandika vitabu vingine, akajulikana duniani, na jina lake likatajwa miongoni mwa waliofikiriwa kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwili wake uliendelea kudhoofika hadi akawa mwembamba kupita kiasi. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 nyumbani Rungstedlund, akazikwa chini ya mti mkubwa katika bustani ya nyumba hiyo. Bror alikuwa amefariki Uswidi mwaka 1946. Nyumba ya Ngong ilinunuliwa na serikali ya Denmark ikatolewa kwa Kenya wakati wa uhuru, na tangu 1986 ni makavazi yanayotembelewa na wanafunzi wengi.

8. Mambo ya kuzingatia

(a) *Huzuni ya talaka haina tarehe moja.* Ilianza kabla ya 1925 na kurudi kwa nguvu mwaka 1926.

(b) *Talaka hupoteza zaidi ya mume.* Karen alihofia kupoteza jina, kazi, nyumba na heshima mbele ya jamaa. Ukiandika kuhusu mwanamke aliyeachika, orodhesha kwanza yote aliyopoteza, ndipo utajua anachokililia.

(c) *Mtu wa kumsikiliza ni muhimu.* Thomas hakumhukumu. Alisikiliza, alijibu barua, na wakati ulipofika alitoa fedha.

(d) *Kazi inashikilia, haiponyi.* Shamba lilimwezesha kuamka. Uponyaji ulichukua miaka na ulipitia njia nyingine.

(e) *Mapenzi mapya si dawa ya lazima.* Aliyoyajenga mwishoni aliyajenga kwa kalamu yake, bila mume.

(f) *Uchungu wa mtu haufuti uchungu wa wengine.* Tunaweza kumhurumia Karen na bado tukakumbuka maskwota.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo mawili katika utoto na ujana wa Karen yaliyoathiri uamuzi wake wa kuolewa. (alama 4)
2. Kwa nini Karen hakuitaka talaka ingawa ndoa ilikuwa imemuumiza? Toa sababu tatu. (alama 3)
3. Fafanua nafasi ya Thomas katika maisha ya Karen kati ya 1920 na 1934. (alama 4)
4. Eleza umuhimu wa jina Isak Dinesen kwa mwanamke aliyeachika. (alama 2)
5. Kwa kurejelea sheria za 1915 na 1918, eleza hali ya maskwota katika mashamba ya walowezi. (alama 4)
6. Eleza matumizi ya methali hii katika kifungu: Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. (alama 2)
7. Andika wasifu wa mwanamke unayemjua aliyejenga maisha yake upya baada ya ndoa kuvunjika. Usitaje jina lake halisi. (alama 20)

Kidokezo cha swali la 7: Kabla ya kuandika, jiulize mwanamke huyo hufanya nini saa kumi na mbili asubuhi. Labda anawasha jiko, anafungua kibanda, anakimbilia matatu, au anakuandalia chai ili usichelewe shuleni. Anzia hapo. Ukimwona vizuri katika asubuhi moja, hutahitaji kumfanya mlevi wala kumtafutia tajiri.